Siku Nilipogawa Koti la Baba

Walitupa siku nne za kupunguza vitu. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango asubuhi, nyuma yake mgambo mmoja aliyeshika fimbo bila kujua aifanyie nini, akatangaza kwamba wote tunahamia kijiji cha ujamaa kule barabarani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na kila kaya itapewa nusu ya tela la trekta. Mama akamwuliza, na kihenge? Balozi akasema kihenge kitajengwa kingine. Na mlango? Ung'olewe, ulazwe chini, vitu vipangwe juu yake. Na nyumba? Hapo balozi, ambaye naye alikuwa anahama, na mkewe alikuwa hajaacha kumsema tangu jana yake, akacheka kicheko kikavu akaenda nyumba ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sitaficha: nilifurahi. Mwalimu alikuwa ametuambia kule kuna bomba la maji, zahanati, na shule mpaka darasa la saba. Yetu ilikomea la nne, na mimi la nne nilikuwa nimelimaliza, nikawa mtu wa kuchota maji na kupepeta ulezi. Wakubwa waliponung'unika, mimi nilikuwa nahesabu siku.

Mama yangu alikuwa mtu wa kutunza. Kitu kikishaingia nyumbani kwake hakikutoka. Alikuwa na vibuyu vilivyopasuka, akavishona kwa uzi wa katani. Alikuwa na jembe lililolika mpaka likabaki la upana wa kiganja, akisema litafaa kupalilia vitunguu, na vitunguu hatukuwahi kulima. Alikuwa na debe lisilo na kitako. Nilipomwuliza debe lisilo na kitako ni la nini, alisema, "Siku utakayolihitaji ndipo utakapojua." Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa apunguze.

Alijitahidi. Alitenga mafungu matatu uani: la kubeba, la kugawa na la kuacha. Siku nzima ya kwanza alikuwa anatoa kitu fungu la kugawa na kukirudisha la kubeba. Kinu kilizunguka mafungu yote matatu. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, alidhani ni mchezo, akawa anahamisha vijiko.

Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na pembe moja ambayo mama hakuigusa. Ilikuwa pembe ya baba. Kulikuwa na kitanda chake cha kamba, kigoda chake, na juu ya kigoda, kwenye msumari, koti lake.

Baba aliondoka nikiwa na miaka sita. Alisema anakwenda Kipili, ziwani, kupanda meli, avuke mpaka Zambia kutafuta kazi ya migodini kama wenzake. Lilikuwa koti zito la rangi ya majivu, la kufaa upepo wetu wa Ufipa, upepo wa mwezi wa sita unaoingia hata ndani ya meno. Asubuhi ile alilivaa, akafika mlangoni, akalivua. "Ziwani kuna joto," alimwambia mama. "Litanielemea bure. Nitalivaa nikirudi." Akalitundika mwenyewe. Huyo ndiye baba ninayemkumbuka: mgongo wa mtu anayetundika koti. Mdogo wangu hakumwona hata mgongo, alikuwa bado tumboni.

Mwaka wa kwanza ilikuja barua moja. Baada ya hapo hapakuja kitu. Kila aliyerudi kutoka ng'ambo mama alikwenda kumwuliza, akirudi anasema, "Hajamwona." Kila Jumamosi alilitoa koti nje, akalikung'uta, akalirudisha msumarini.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu kwetu alilijua, hata mimi. Nguo za mwanamume mwenye nyumba hazigawiwi akiwa hai. Akifa, matanga yakiisha, ndugu hukaa uani, koti huenda kwa huyu, kigoda kwa yule. Nguo zake zikionekana mwilini mwa mtu mwingine, hapana haja ya kutangaza. Ndiyo maana koti lile lilikuwa msumarini miaka sita. Maadamu liko pale, baba alikuwa safarini, na mama alikuwa mke wa mtu.

Nilijua, lakini nilijua kama mtoto anavyojua kwamba moto unaunguza na bado akaupelekea kidole.

Siku ya pili nilimwona mama anapima kitanda cha baba kwa hatua. Alikuwa anapanga: kitanda kwanza, kigoda juu yake, koti likunjwe ndani ya blanketi. Nikapiga hesabu ya nusu tela letu. Kitanda kile kingekula karibu robo yake. Tungeacha kinu, tungeacha tundu la kuku, tungeacha mtungi mkubwa, tubebe malazi ya mtu ambaye hata sura yake nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Mama," nikasema, "baba mwenyewe hayupo. Vitu vyake vya nini?"

"Vina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mama akanitazama. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema tu, "Kachote maji," nami nikaenda kuchota maji nikiwa nimevimba kwa hasira. Sikuwa na hasira na mama. Nilikuwa na hasira na yule aliyekwenda kwenye joto lake akatuachia koti tulilinde. Wenzangu baba zao walikuwa wanang'oa milango na kufunga mizigo kwa kamba. Sisi tulikuwa na kamba, mfungaji hatuna.

Siku ya tatu mama alikwenda shamba la mbali kuchimba viazi vya mwisho, akanibakiza nyumbani na fungu la kugawa. "Anayeomba mpe," aliniambia. "Wazee kwanza. Wasigombane."

Wala hapakuwa na wa kugombana. Sijui ni nani aliyefikiria mpango ule wa kugawa, maana kijiji kizima kilikuwa kinahama, kila mtu anatoa na hapana wa kupokea. Ungo wetu niliompa jirani asubuhi uliletwa mchana na mtu wa nyumba ya nne, akitugawia sisi. Mtu pekee aliyekuwa na nafasi alikuwa mzee mmoja mjane aliyeishi peke yake karibu na kisima. Naye alipewa nusu tela kama kaya nyingine, na vitu vya kuijaza hakuwa navyo. Kwa hiyo siku zile alipita nyumba hadi nyumba, watu wakimpa kwa furaha, naye akipokea kwa aibu kidogo.

Alifika kwetu alasiri, upepo umeanza. Alikuwa amevaa shati moja lililochanika mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mama yuko?"

"Yuko shamba. Ameniacha nigawe."

Nikampa debe lisilo na kitako. Aliligeuza, akatazama mbinguni kupitia ndani yake, akalishukuru kabisa. Nikampa vibuyu. Alikuwa anatetemeka, nikamwambia aingie ndani ajikinge na upepo. Akaingia, akaketi karibu na mafiga, na macho yake yakapanda ukutani.

Hakuliomba. Nataka hilo lieleweke, maana nimemlaumu mzee yule miaka mingi bila haki. Alilitazama tu, kisha akaangalia pembeni kwa adabu. Mimi ndiye niliyesimama juu ya kigoda cha baba, nikalitoa msumarini, nikampa.

Hakunyoosha mkono. "Hili nalo linagawiwa?"

"Ndiyo babu."

"Mama yako amesema?"

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja.

"Amesema," nikajibu.

Mzee aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili, kisha akachuchumaa akapiga makofi taratibu, yale ya chini, ya heshima kubwa. "Poleni," alisema. "Poleni sana, mjukuu wangu." Wiki ile kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake pole kwa kuhama, nikaitikia tumeshapoa. Alilivaa palepale. Lilimfika magotini. Nikamtazama akiondoka na debe lake, na kwa muda nilijisikia mwepesi. Nikafagia ile pembe, nikaweka pale mfuko wangu wa shule.

Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima nilipowasikia wanawake. Kilio cha kwetu hakianzi mlangoni, kinaanza njiani. Nikatoka nje kuona nani amefiwa. Walikuwa wanakuja upande wetu, mbele yao shangazi yangu, dada yake baba, kanga ameifunga kiunoni, mikono kichwani, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni. Nyuma yao wanaume, kimya, wameacha mizigo nusu imefungwa. Na nyuma kabisa, mzee wa kisimani, ndani ya koti.

Waliketi uani, katikati ya mafungu yetu. Shangazi akanikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi, nami nikasimama kama kinu. Nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa kila kitu, na ulimi haukunyanyuka.

Mama akatokea na kikapu cha viazi kichwani. Alipoona watu alikaza mwendo, udongo bado uko mikononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wanawake wakazidisha kilio. Shangazi akamwendea, akamshika mabega. "Wifi yangu, kwa nini ulituficha? Taarifa umeipata lini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaka yangu mimi, umlilie peke yako ndani, unifiche?"

Macho yake yalikwenda kwa mzee, yakakaa kwenye koti. Kisha yakavuka watu wote, yakapita mlango uliokuwa wazi, yakaona msumari hauna kitu. Kisha yakanijia mimi.

Nimezaa, nimezika, nimeugua mpaka nikaagana na watu. Sijawahi kutazamwa vile tena. Halikuwa jicho la hasira. Alikuwa ananiuliza, nami kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa nikawa nimemjibu.

Angeweza kusema. Ilikuwa rahisi: huyu mtoto amedanganya, mume wangu yuko safarini, rudisheni koti, nendeni mkafunge mizigo yenu. Watu wangesimama, wangejikung'uta vumbi, wangeondoka. Lakini mimi ningebaki nani? Mtoto aliyewafanya watu wamlilie baba yake aliye hai. Jina hilo lingepanda tela pamoja nami, lingeshuka nami, lingeingia nami darasa la tano.

Mama akatua kikapu. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akalia. Alimlilia mtu ambaye asubuhi yake alikuwa bado anamsubiri. Nilidhani machozi yale ni ya kuigiza, mpaka nilipoona hayanyamazi. Nadhani katikati ya kulia alikuta kwamba kweli alikuwa amefiwa, labda siku nyingi, na hakuwa amepata ruhusa ya kulia.

Balozi aliomba radhi kwa niaba ya trekta. Alisema anaweza kutuweka wa mwisho, siku moja zaidi, si zaidi ya hapo. Kwa hiyo matanga ya baba yalikuwa ya siku moja na nusu. Shangazi alimnyoa mama, akaninyoa mimi, akamnyoa mdogo wangu aliyekuwa anauliza baba ni nani. Asubuhi yake ndugu walikaa, wakagawa. Kitanda kilikwenda kwa mdogo wake baba, kigoda kwa mpwa wake. Koti walisema limeshapata mtu, basi. Na tela likatosha. Kinu kilipanda, tundu la kuku likapanda, mtungi ukapanda, na nafasi ikabaki mdogo wangu akalala.

Kule tulikofika, karani alikaa chini ya turubai na daftari. Akamwuliza mama mkuu wa kaya ni nani. Shangazi akajibia pembeni, "Ni yeye. Mume amefariki." Karani akaandika. Mama aliutazama ule wino mpaka ukakauka.

Usiku wa kwanza tulilala kibandani, nyasi bado mbichi, nikagundua hatuna blanketi. Mama alikuwa na moja tu la maana, la sufu, lenye mistari myekundu, alilolinunua kwa maharage yake mwenyewe kabla sijazaliwa. Nikamwuliza liko wapi.

"Nimempa yule mzee wa kisimani."

"Mama! Koti analo!"

"Lilimbana mabegani," alisema. "Lala."

Lilimfika magotini, nililiona kwa macho yangu, na bado nikakubali kwamba lilimbana mabegani. Sikuuliza koti limekwenda wapi. Aliyetupa kitu hana mdomo wa kukiulizia. Tulijifunika magunia. Mwezi wa sita ulipokuja na upepo wake mama alitulaza upande wa ukuta, yeye akalala mlangoni, akapata kikohozi ambacho hakikumtoka tena moja kwa moja. Mzee alikuwa akipita njiani amejizungushia mistari myekundu, nami nikimwona nilikuwa nakasirika, namkasirikia mama kwa wema wa kijinga wa kugawa blanketi kwa mtu aliyekwisha kupewa koti. Siku moja nilimwambia hivyo mwenyewe. Akacheka kidogo, akakohoa.

Shule nilisoma, mpaka darasa la saba na baada yake. Bomba lilitoa maji mwaka mmoja likakauka. Mdogo wake baba alikuja kutaka kumrithi mama kama desturi, mama akamrudisha kwa adabu, akaja mwingine, akamrudisha. Watu walisema ana kiburi. Hatukuzungumza hata mara moja juu ya alasiri ile. Mara nyingi nilitaka, nikisubiri aanze yeye, na nadhani yeye aliona kuanza ni kunihukumu.

Nilipopata kazi Sumbawanga nilimleta kwangu, mtaa wa Milanzi, nikampa chumba chenye dirisha la mashariki. Alikuja na sanduku lake la bati, lenye kufuli. Nilimwambia mara nyingi tulifungue tupunguze, maana chumba kilikuwa kidogo, na mimi kwa kutolipenda debe lisilo na kitako nimekuwa mtu asiyeweka kitu. Kila mara alisema, "Hapo hapana cha kupunguza." Kila kiangazi alijifungia ndani siku moja, tukasikia mlio wa bawaba na wa kitu kinachokung'utwa. Nilidhani ni kanga zake.

Alikufa kwa kifua. Siku ya tatu baada ya maziko wanawake waliketi uani kugawana nguo zake, na mdogo wangu, mtu mzima sasa mwenye watoto wake, akaleta ufunguo. Kanga zilikuwa nne tu, juu juu. Chini yake kulikuwa na majani makavu ya tumbaku, yale ya kuzuia wadudu, na chini ya majani koti la rangi ya majivu. Vifungo vyote vilikuwepo. Kiwiko kilichokuwa kimechakaa kilikuwa kimetiwa kiraka, kushona kwa mkono, kwa sindano ya subira.

Blanketi lake la pekee alilibadilisha kwa koti lile, usiku ule wa matanga pengine, wakati sisi tumelala na vichwa vyetu vipya vya upara. Alikohoa miaka yote ile, koti la sufu nzito likiwa hatua tatu kutoka kitandani kwake, na hakulivaa hata usiku mmoja, maana lilikuwa na mwenyewe.

"Koti la nani hili?" mdogo wangu akauliza, akiliinua juu watu waone. "Nani atalichukua?"

Mkono wa mama mmoja mzee ulikuwa umeshanyooshwa. Nikajikuta nimesimama.

"Mama hakusema," nikasema. "Nilidanganya. Mama hakusema litolewe."

Niliyasema kwa sauti kubwa, maneno yale yale niliyotakiwa kuyasema uani nikiwa na miaka kumi na miwili. Walionisikia walitazamana. Wa siku ile, ukimtoa mdogo wangu ambaye hakuelewa kitu, hakuwa amebaki hata mmoja, shangazi tulikuwa tumeshamzika, mzee wa kisimani pia. Yule mama akaurudisha mkono wake, akasogea, akanishika bega. "Pole, mwanangu," aliniambia. "Lia tu. Mama ni mama." Nikamwitikia nimeshapoa, nikalichukua koti, nikaingia nalo ndani kutafuta msumari.